Boga na Mumunye: Historia ya Mazao Mawili katika Lugha na Jiko la Waswahili

Miongoni mwa mazao ya bustanini yaliyozoewa mno hata yakasahauliwa na wataalamu, boga na mumunye yastahili kutajwa kwanza. Hayo si mazao ya biashara kama karafuu na mkonge, wala hayakuandikiwa hesabu za forodhani kama pembe na nazi. Hupandwa nyuma ya nyumba, hutambaa juu ya ua na paa, huliwa na watu wa nyumba na majirani zao, na mbegu zake hutoka mkononi mwa mtu na kuingia mkononi mwa mwenziwe bila ya bei. Kwa sababu hiyo historia yake haikuhifadhiwa katika nyaraka, na mahali ilipohifadhiwa zaidi ni katika lugha yenyewe: katika ngeli za majina, katika methali, na katika maneno ya jikoni.

Nia ya makala haya ni kuonyesha ya kwamba mazao haya mawili, ambayo katika kamusi nyingi yameelezwa kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, yana asili mbili zilizo mbali kabisa. Moja ni mwenyeji wa Afrika tangu kale. La pili ni mgeni aliyevuka bahari baada ya mwaka 1492. Lakini mgeni huyo alipofika hakuingia kwa jina la kigeni. Alipewa jina la nyumbani, akavikwa nguo za wenyeji, hata leo ni vigumu kumtambua. Asiyeitenga asili ya moja na ya jingine hawezi kuifasiri sawasawa methali ya Kiswahili, wala hawezi kuutumia ushahidi wa maneno katika kuandika historia ya kilimo.

1. Mimea miwili

Mmumunye, ambao wataalamu wa mimea huuita Lagenaria siceraria, ni mmea wa Afrika. Mwaka 2004 ulichapishwa uchunguzi wa mimea ya jamii hiyo iliyoonekana ikiota mwituni nchini Zimbabwe. Matunda yake makavu yana ganda gumu lisilopitisha maji, nayo huelea baharini muda mrefu bila ya mbegu zake kufa. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mabuyu ya kale ya Amerika, yale ya kabla ya kufika Wazungu, yako karibu zaidi na yale ya Afrika. Yaelekea kwamba yalichukuliwa na mikondo ya bahari ya Atlantiki maelfu ya miaka iliyopita, bila ya chombo wala nahodha.

Mmea wa boga una historia iliyokwenda kinyume cha hiyo. Jamii yote ya Cucurbita, yaani moschata, maxima na pepo, ni ya Amerika. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, zilipatikana mbegu za Cucurbita pepo zilizolimwa na binadamu yapata miaka 10,000 iliyopita. Habari zake zilichapishwa mwaka 1997. Cucurbita maxima ililimwa kwanza Amerika ya Kusini. Hapana hata moja kati ya hizo iliyokuwapo Afrika, Ulaya au Asia kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na tangu hapo pwani ya Afrika ya Mashariki ikaunganishwa, kwa njia ya vyombo vya Wareno, na bandari zilizopokea mazao ya Amerika. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza kwa Waarabu wa Omani mwaka 1698. Katika karne hizo mbili mahindi, muhogo, mananasi na mapapai yalipata njia ya kuingia katika mashamba ya pwani, na boga lilikuwa na njia hiyohiyo.

Tofauti ya mimea hii haihitaji darubini. Ua la mmumunye ni jeupe, nalo hufunguka jioni na kutembelewa na nondo usiku. Ua la boga ni la manjano, nalo hufunguka alfajiri, likatembelewa na nyuki, na kufikia adhuhuri hunywea. Basi mimea hii miwili ikitambaa juu ya ua mmoja, mmoja huamka wakati mwenziwe anapolala.

Hapa pana onyo kwa wafasiri wa maandishi ya kale. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameeleza chakula alichokaribishwa Mogadishu: wali uliopikwa kwa samli, vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, ndizi zilizopikwa katika maziwa, ndimu za achari, na tangawizi mbichi. Mfasiri yeyote akitia neno maboga katika habari za zama hizo, hana budi kujua ya kwamba amewaandalia wageni wa mwaka 1331 chakula ambacho hakikuwako katika nusu hii ya dunia. Neno litakalofaa ni mumunye, kama kweli ni tunda la jamii hiyo lililokusudiwa.

2. Jina la boga

Mazao mengi yaliyotoka Amerika yalifika pwani yakiwa na alama ya ugeni katika majina yake. Mahindi yamebeba jina la Uhindi, ijapokuwa asili yake si huko. Nanasi limefuatana na jina lake kutoka Amerika, kwa njia ya Wareno na bandari za Bahari ya Hindi. Papai ni vivyo hivyo. Pera limechukua jina la Kireno la tunda jingine kabisa la Ulaya. Tumbaku nayo ina jina lililozunguka dunia nzima.

Boga halina alama hiyo. Wapo watakaovutwa kulifananisha na neno la Kireno abóbora, lenye maana hiyohiyo, kwa sababu silabi bo imo katika yote mawili. Lakini kufanana kwa silabi moja si ushahidi. Kiswahili kilipopokea maneno ya Kireno, kama vile meza, leso, gereza na mvinyo, kiliyaacha yakitambulikana. Kutoka abóbora lingetazamiwa neno lenye b mbili na r mwishoni, na hapana kanuni ya sauti katika Kiswahili iwezayo kuigeuza silabi ya ra kuwa ga.

Asili iliyo karibu zaidi imo ndani ya lugha yenyewe, nayo ni neno mboga. Neno hili, kwa maana ya majani ya kupika, ni la Kibantu cha kale. Kinyarwanda na Kirundi husema imboga kwa maana hiyo. Kutoka mboga kwenda boga ni hatua moja tu, tena ni hatua iliyozoewa mno katika Kiswahili. Majina ya ngeli ya N yakitiwa katika ngeli ya JI kwa kuonyesha ukubwa, aghalabu huacha ile ng'ong'o ya mwanzo: ngoma huwa goma, mbuzi huwa buzi, nguo huwa guo. Kwa kanuni hiyohiyo, mboga iliyo kubwa kupita nyingine zote itakuwa boga. Ngeli hiyohiyo ya JI na MA ndiyo ngeli ya matunda, kama embe, chungwa na limau. Basi njia zote mbili, ya ukubwa na ya utunda, zafika mahali pamoja.

Kutoka kwa tunda likapatikana jina la mmea. Kama embe lilivyo na mwembe na chungwa lilivyo na mchungwa, boga lina mboga, wingi wake miboga. Kwa macho, neno hili haliwezi kutengwa na mboga ya kitoweo, kwa kuwa herufi ni zilezile. Kwa masikio si hivyo. Katika jina la mmea, m ya mwanzo ni mabaki ya mu, nayo husimama kama silabi peke yake. Neno lote lina silabi tatu. Katika jina la kitoweo, m imeshikamana na b, na neno lina silabi mbili tu. Upatanisho wa maneno nao hutenga: mboga huu umezaa, mboga hii imeiva. Huu ni mfano mzuri wa kuwaonya wale wasomao Kiswahili kwa macho tu. Aidha waonyesha mviringo wa ajabu, kwani kitoweo kimelizaa jina la tunda, tunda nalo likalizaa jina la mmea, na jina la mmea likarudi kuwa na sura ya kitoweo.

Na kwa hakika mmea huu wenyewe hutoa kitoweo. Majani yake machanga huliwa, na Unguja majani ya namna hiyo, ya mboga au ya mmumunye, huitwa msusa. Basi watu waliolipa boga jina lake hawakuwa na haja ya kumwuliza baharia. Waliona mmea wenye majani ya kupika kama mboga nyingine, na tunda kubwa kupita kiasi, wakalitaja kwa walivyoliona.

3. Jina la mumunye, na methali mbili

Mumunye nalo lina jina la nyumbani, lakini limetokana na kinywa, si na bustani. Kiswahili kina kitendo mumunya, maana yake ni kukila kitu laini polepole kwa kukigeuzageuza mdomoni bila ya kutafuna sana, kama afanyavyo mtoto au mzee asiye na meno. Kitendo hiki kina sura ya pili, mung'unya. Jina la tunda nalo lina sura mbili zilezile, mumunye na mung'unye. Neno lingekuwa moja tu, ingewezekana kusema kwamba limefanana na kitendo kwa bahati. Lakini sura mbili za kitendo kukabiliwa na sura mbili za jina ni jambo lisiloelezeka kwa bahati peke yake. Kwa hiyo yaelekea kwamba mumunye ni kitu cha kumumunywa, yaani tunda linaloliwa likiwa laini.

Na hapa ndipo ilipo siri ya methali isemayo: Mumunye huharibikia ukubwani. Hutumiwa kwa mtoto aliyekuwa mwema utotoni, akapotoka alipokuwa mtu mzima. Kijana aliyefundishwa kwamba mumunye ni namna ya boga hawezi kuielewa hata kidogo, kwa kuwa boga haliharibikii ukubwani. Boga changa ni la majimaji na halina ladha kubwa. Boga lililokomaa ndilo la unga na utamu. Kama methali hii ingetungwa juu ya boga, ingekuwa uongo, na methali za wakulima hazisemi uongo juu ya mazao. Mumunye ndilo liliwalo changa. Likikua, nyama yake hukauka na kuwa na nyuzi, ganda hugeuka kuwa kama ubao, na pengine huingia uchungu, hata mpishi hodari hukionja kipande kabla ya kutia chunguni.

Lakini methali yasema kwa mdomo wa mpishi peke yake. Yule aliyehitaji chombo alilingojea mumunye hilohilo liharibike, kwani lililoharibika kwa chungu ndilo lililokomaa kwa maji. Kutoka kwa matunda ya jamii hiyo vilipatikana vibuyu vya maji, maziwa, asali na tembo, kata za kuchotea, vyombo vya waganga, na vyombo vya ngoma. Neno kibuyu lenyewe ni udogo wa buyu, ambalo kwanza ni tunda la mti wa mbuyu. Gamba gumu la tunda la mti likalipa jina gamba gumu la tunda la mtambao. Hivyo mmea mmoja ulipata majina mawili kwa umri wake: ukiwa mchanga ni wa mumunye, ukikomaa ni wa kibuyu. Boga halikupata jina la pili, kwa kuwa tangu changa mpaka lililokomaa ni la chungu tu.

Boga nalo lina methali yake: Ukipenda boga, penda na ua lake. Maana yake ni kwamba ampendaye mtu na awapende walio wake. Neno ua lina maana mbili katika Kiswahili, yaani ua la mti na ua wa nyumba, na kwa kuwa boga hutambaa juu ya ua wa nyumba, mtu aweza kudhani kwamba uzio ndio uliokusudiwa. Upatanisho wakataa. Uzio ungehitaji kusemwa ua wake, na wingi wake ni nyua. Methali yasema ua lake, na wingi wake ni maua. Tena ukweli wa bustani waitilia nguvu sarufi. Ua jike la boga huchanua juu ya kitunda kidogo kilichokwisha kuumbika, na kitunda hicho hakikui mpaka ua lipate chavua ya ua dume. Anayeliharibu ua amelikosa boga. Methali ya kwanza ni ya tunda lililotazamwa mwisho wa maisha yake, na ya pili ni ya tunda lililotazamwa mwanzo wake. Kila moja ni kweli kwa mmea wake, na si kweli sana kwa ule mwingine.

4. Majina ya bara na safari ya mbegu

Majina ya boga katika lugha za bara yana jambo kubwa la kufundisha. Kikuyu husema irenge, wingi marenge. Kikamba ilenge, wingi malenge, na kutoka huko neno malenge limeingia katika Kiswahili cha Nairobi na bara ya Kenya. Kiganda husema ensujju, na majani yake essunsa. Kinyarwanda husema ibihaza. Kichewa husema dzungu, wingi maungu. Kishona husema nhanga, na Kizulu ithanga, maneno mawili ambayo bila ya shaka ni ya mzizi mmoja. Wapo watakaotaka kulitia tango la Kiswahili katika mzizi huo wa mwisho. Lakini irabu ya mwisho haikubaliani, na mpaka itakapoelezwa, ni heri kuliacha tango peke yake.

Sasa na yalinganishwe majina hayo na yale ya mananasi na mapapai. Nanasi la pwani ni ennaanansi katika Kiganda na inanasi katika Kinyarwanda. Papai ni paapaali katika Kiganda na ipapayi katika Kinyarwanda. Hapo tunda na jina vimesafiri pamoja, na njia ya safari yaonekana wazi kutoka pwani mpaka maziwa makuu. Boga limesafiri bila ya jina. Kila taifa lililolipokea lilifungua ghala yake lenyewe ya maneno, likatoa jina.

Tofauti hiyo yahitaji sababu. Ya kwanza ni kwamba nanasi halikuwa na mfano wake katika bustani za kale, lakini boga lilikuwa nao. Watu waliolima mumunye, tikiti na matango ya namna nyingi walipoona mtambao wenye majani mapana na tunda zito, hawakuona kioja. Waliona ndugu mpya wa jamii waijuayo, wakampa jina la ukoo. Ya pili ni namna ya safari yenyewe. Nanasi halipandwi kwa mbegu bali kwa chipukizi, na anayelipeleka mbali hupeleka mche pamoja na maelezo, na jina ni sehemu ya maelezo. Boga hujipeleka lenyewe. Tunda lililokomaa hukaa miezi mingi bila ya kuoza, likawa chakula cha njiani, na aliyelila hutupa mbegu jaani. Mvua ikinyesha, mbegu huota bila ya kupandwa. Kwa njia hiyo mbegu ilitangulia, na jina la pwani likabaki nyuma.

Kwa hiyo historia ya mazao ya kigeni isiandikwe kwa kutafuta maneno ya kigeni tu. Mtafiti afanyaye hivyo ataliona nanasi, na boga litampita. Neno lenye asili ya Kibantu ni ushahidi wa umri wa neno, wala si ushahidi wa umri wa kitu kilichotajwa kwa neno hilo.

5. Bustani na majira

Kilimo cha boga pwani kimefungamana na mvua mbili, masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya Oktoba mpaka Desemba. Wakulima wa zamani hawakuyahesabu majira kwa mwezi mwandamo, bali kwa mwaka wa jua uliogawanywa kwa miongo, yaani makumi ya siku, kuanzia siku ya Nairuzi. Mwaka huo ndio ambao mpaka leo huadhimishwa Makunduchi kwa sherehe ya Mwaka Kogwa katika mwezi wa Julai. Mbegu iliyotiwa mwanzo wa masika hutoa maboga yaliyokomaa wakati wa kipupwe, mvua zilipokwisha kukatika.

Shimo la boga aghalabu huchimbwa karibu na jaa au hutiwa samadi na majivu, kwa sababu mmea huu hula sana. Mbegu tatu au nne hutiwa katika shimo moja, na miche dhaifu hung'olewa baadaye. Mahali penye mahindi, boga hutambaa chini yake. Majani yake mapana huufunika udongo, maji yasikauke upesi na magugu yakakosa mwanga. Ncha za mitambao zikichumwa kwa msusa, mmea huchipua matawi mengine, lakini mchumaji mwenye akili huziacha ncha zilizokwisha kushika vitunda. Maua yatokayo mwanzo ni madume, na asiyejua hulalamika kwamba mmea wake umechanua bure. Majike hufuata nyuma. Boga hujulikana kuwa limekomaa kwa kikonyo chake kukauka na kwa ganda lake kukataa ukucha. Hukatwa pamoja na kipande cha kikonyo, kwa maana lililong'olewa kikonyo huoza upesi, kisha huwekwa mahali pakavu penye hewa.

Mmumunye hulimwa kwa namna hiyo, ila hupendelea kupanda juu ya chanja au mti, ili matunda yaning'inie na kunyooka. Mkulima hugawanya matunda yake tangu mapema: haya ya kuchumwa machanga kwa mchuzi, na haya ya kuachwa mpaka mtambao ukauke, kwa vibuyu na kwa mbegu.

6. Jikoni

Pishi la boga lililo maarufu zaidi pwani ni maboga ya nazi, ambayo ni chakula cha futari. Neno futari limetoka Kiarabu, na maana yake ni chakula cha kufungulia saumu. Lakini vitu vilivyomo katika neno hilo ni vya shamba la pwani: muhogo, viazi vitamu, magimbi, ndizi na maboga. Hapa mwaka wa mwezi na mwaka wa jua hukutana katika chungu kimoja. Mwaka wa Kiislamu una upungufu wa siku 11 hivi kwa mwaka wa jua, basi Ramadhani huzunguka majira yote katika muda wa miaka 33 hivi. Huja wakati wa masika, huja wakati wa kiangazi. Futari haiwezi kuwa na zao moja la sikuzote. Hufuata kilichopo shambani. Boga lina fadhila ya kuwa zao la msimu liwezalo kungojea msimu mwingine, kwani lililochumwa Julai laweza kupikwa Oktoba.

Boga hupasuliwa, mbegu zikatolewa na kuoshwa, nyingine zikaanikwa kwa kupandwa na nyingine kwa kukaangwa. Vipande hukatwa vikubwa kiasi. Nazi hukunwa kwa mbuzi na kukamuliwa mara mbili. Maboga huchemshwa kwanza katika tui jepesi la pili, pamoja na chumvi kidogo. Yakiisha kulainika hutiwa tui zito la kwanza, liitwalo kasimile, na iliki, na sukari kwa wapendao, na moto ukapunguzwa. Mpishi hakorogi kwa mwiko, hutikisa chungu tu, vipande visije vikapondeka. Tui zito likitiwa mapema na moto mkali hukatika, na mafuta yakajitenga. Ndiyo sababu ya kulitia mwisho.

Mumunye lina njia nyingine. Humenywa, hukatwa vipande vidogo, likatiwa katika mchuzi wa nyama au wa nazi, kwa kuwa halina utamu wake lenyewe bali huunywa utamu wa vitu vingine. Msusa huchumwa ncha zake changa, nyuzi za vikonyo zikaondolewa, majani yakakatwakatwa na kupikwa kwa nazi au karanga. Kati nchini Kenya, majani hayo hupondwa pamoja na mahindi, maharagwe na viazi katika chakula cha Wakikuyu kiitwacho mukimo. Uganda, boga hupikwa kwa mvuke ndani ya majani ya migomba. Nazi ya pwani, karanga za bara na jani la mgomba la Buganda, vyote ni vya mahali, na zao lililotoka mbali limepikwa kwa kila kilicho karibu.

7. Kazi iliyobaki kwa watunga kamusi

Katika kamusi za Kiswahili kwa Kiingereza mumunye limezoea kufananishwa na namna ya boga refu lilimwalo katika bustani za Uingereza. Ulinganisho huo ulimsaidia msomaji wa Uingereza aliyehitaji kuiona sura ya tunda, lakini ulifunika asili yake, kwa kuwa lile boga la Uingereza ni Cucurbita pepo, la Amerika. Kamusi zilizofuata hazina sababu ya kuurithi ulinganisho huo. Fasili ya mumunye haina budi kutaja mambo matatu: kwamba huliwa changa, kwamba ganda lake hukomaa likawa kibuyu, na kwamba ua lake ni jeupe. Fasili ya boga nayo itaje kwamba huliwa lililokomaa, kwamba ua lake ni la manjano, na kwamba majani yake ni kitoweo. Jina la mmea, mboga wa mi, lipewe kidahizo chake mbali na mboga ya kitoweo, pamoja na alama ya silabi.

Kazi hii si ya maneno matupu. Madumu ya plastiki yamechukua mahali pa vibuyu katika nyumba nyingi, na mkulima asiyehitaji kibuyu hana haja kubwa ya kuacha mumunye likomae. Lakini lisilokomaa halitoi mbegu. Kwa hiyo kufa kwa chombo kwaweza kuleta kufa kwa zao, na zao likifa methali hubaki midomoni kama ganda lisilo na kitu ndani. Watoto watasema mumunye huharibikia ukubwani bila ya kuwa wamepata kuona mumunye, si dogo wala kubwa. Boga, mgeni wa karne chache, limekwisha kupata ulinzi wa futari na wa soko. Mwenyeji wa kale ndiye ahitajiye kulindwa sasa, katika kamusi kwa fasili iliyo sawa, na katika bustani kwa tunda moja au mawili yaachwayo juu ya chanja mpaka yaharibike.